Wenye mizabibu California wanapigwa faini za mamilioni kwa kuharibu vijito. Mbona hawakomi?

#1 Kidagaa Mkavu

Wakuu salaam.

Kuna jambo limenikaa kichwani tangu juzi. Kule kaskazini mwa California, kwenye kaunti za Napa, Sonoma na Mendocino, haupiti muda mrefu hujasikia mwenye shamba la mizabibu kabanwa na serikali. Kafyeka mialoni bila kibali, kasukumia udongo kijitoni, kafukia ardhioevu, kajenga bwawa katikati ya mkondo. Mwaka 2019 kampuni moja yenye shamba Mendocino ilikubali adhabu ya dola milioni 3.76 kwa uharibifu wa vijito vya juu vinavyoulisha mto Eel. Kabla ya hapo, 2015, mtengeneza divai mwenye jina kubwa Sonoma alimalizana na mwendesha mashtaka wa kaunti kwa dola 100,000.

Hawa si watu wa jembe la mkono. Wana mawakili, wana wahandisi, wana picha za setilaiti za kila kichaka. Sheria wanaijua kuliko sisi. Sasa mbona hawakomi? Mimi nasema kwao faini ni kibali tu, ila hiki unakilipia ukishamaliza kazi. Anayepinga aje na hoja, asije na matusi.

#2 Tumbiri wa Bondeni

Nimeshavuta kigoda. Wajuvi njooni.

#3 Fundi Waya

Mleta mada umegusa penyewe. Nimefanya kazi kwenye mizabibu Sonoma miaka sita, kupogoa na kufunga waya. Mzabibu ukiupanda leo, mavuno ya kueleweka ni mwaka wa tatu. Ukitunzwa unakwenda miaka 25 au 30. Eka moja ya Napa yenye mizabibu, ikiwa mahali pazuri, ni dola laki kadhaa. Na kuianzisha tu hiyo eka, kusawazisha, mabomba ya matone, nguzo, waya, miche, ni makumi ya maelfu ya dola.

Sasa mtu ana mradi wa eka 100 mlimani. Keshazamisha mamilioni na hajaona kichala hata kimoja. Msimu wa kuchimba ni kiangazi tu, maana ikifika Oktoba mvua zinaanza na kaunti haitaki uguse udongo mpaka Aprili huko. Ukikosa dirisha la mwaka huu umepoteza mwaka mzima, na riba ya benki haisubiri mvua ikatike. Nimewaona mabosi wakipiga hiyo hesabu mbele yetu bila aibu.

#4 Povu Ruksa

Lakini jamani faini zao ni dola 10,000 kwa GALONI moja ya maji machafu. Nilisoma mahali. Nani anaweza kulipa hiyo akabaki na shamba?

#5 Kanuni Mkononi

Povu, punguza povu. Sheria ya maji ya California inaitwa Porter-Cologne, ni ya mwaka 1969. Bodi ya maji ya kanda (ziko tisa jimbo zima) inaweza kutoza mpaka dola 10,000 kwa kila siku ya ukiukaji, na juu yake dola 10 kwa kila galoni iliyomwagwa isiyosafishwa, baada ya kutoa galoni 1,000 za kwanza. Kesi ikienda mahakamani dari linapanda, dola 25,000 kwa siku na 25 kwa galoni.

Fanyeni hesabu wenyewe. Mlima umeachwa wazi, mvua kubwa moja, galoni 100,000 za maji ya tope zimeingia kijitoni. Toa 1,000, zidisha kwa 10: dola 990,000. Hiyo ni mvua moja, siku bado hatujazihesabu. Ndiyo maana karibu kila mtu anakimbilia meza ya makubaliano. Dari likisomwa kwa sauti wakili wa upande wa pili anatoa kalamu mwenyewe.

Na kuhusu hoja ya #1: sera ya utekelezaji ya bodi ya jimbo inataka faini izidi faida aliyopata mkiukaji kwa asilimia 10 angalau. Yaani iliandikwa makusudi ili isiwe "bei ya kibali". Mleta mada unasemaje hapo?

#6 Povu Ruksa

Nimekubali kipigo. Sifuri zangu tatu zimerudi nyumbani.

#7 Fundi Waya

Kanuni nakuheshimu, ila hiyo "faida" inahesabiwaje? Kwa ninavyoelewa wanaangalia gharama alizokwepa au alizochelewesha. Ada ya kibali, mchoro wa mhandisi, matandazo ya majani makavu ambayo hakuyaweka. Hawahesabu divai ya miaka 25 itakayotoka kwenye ule mteremko. Asilimia 10 juu ya karanga ni karanga na kipande.

#8 Kanuni Mkononi

Unachosahau ni amri ya kusafisha. Faini ni kipande kimoja. Bodi inaweza kukuamuru ufumue kila ulichofanya, urudishe kijito kilipokuwa, upande miti, ulipe wataalamu wa kufuatilia kwa miaka. Hiyo bili mara nyingi ndiyo inayouma. Na kama ile mizabibu imekaa ndani ya kijito, inang'oka.

#9 Njeri wa Petaluma

Habari zenu. Mimi nilikuwa nachukua sampuli za maji kwa ofisi moja ya ushauri wa mazingira, so niwaeleze kwa nini tope ni kesi kubwa huku, maana naona watu wanadhani ni urembo wa mto tu.

Samaki anayeleta hii kelele yote ni coho, aina ya samoni, pamoja na ndugu yake steelhead. Coho anazaliwa kijitoni, anakaa pale zaidi ya mwaka, anashuka baharini, anarudi kutaga na kufa akiwa na miaka kama mitatu. Mayai anayafukia kwenye changarawe. Maji yanapita katikati ya mawe, mayai yanapata hewa. Ukileta mashapo laini, nafasi kati ya mawe zinaziba kama chujio la chai lenye majani ya jana. Mayai yanakufa pale pale hata kama maji juu yanaonekana safi. Halafu vidimbwi virefu ambamo watoto wa samaki wanajificha na jua la kiangazi vinajaa tope, vinakuwa kina cha goti.

Mto Russian River wa huku Sonoma na Mendocino ulifikia mahali mwanzoni mwa miaka ya 2000 coho wanaorudi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Ikabidi waanze kuwazalisha kwenye mabirika pale Warm Springs, chini ya bwawa la Lake Sonoma, kisha wanawaachia mitoni. Mpaka leo wanafanya hivyo. Kwa hiyo kijito unachokiona ni cha kuruka kwa hatua moja, cha Agosti hakina hata tone, kwa coho ni wodi ya wazazi.

#10 Tumbiri wa Bondeni

Chujio la chai lenye majani ya jana. Njeri umeniharibia kikombe nilichokishika.

#11 Mkulima Halisi

Naona wote mmeelemea upande mmoja, acha nitie chumvi.

Mnajua mtu akitaka kupanda mizabibu mlimani anagonga milango mingapi? Kaunti kwanza. Sonoma wana kanuni ya mmomonyoko wa mizabibu tangu mwaka 2000, ipo chini ya kamishna wa kilimo. Napa wana yao tangu 1991: mteremko ukizidi asilimia 5 lazima uwe na mpango wa kuzuia mmomonyoko, ukizidi 30 ni kibali maalumu, na umbali kutoka kijitoni unaanzia futi 35 kwenye tambarare hadi 150 kwenye mwinuko mkali. Hapo hujamaliza. Ukigusa kitanda cha kijito au kingo zake unaenda idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, kifungu cha 1602. Ukitia udongo kwenye maji yaliyo chini ya sheria ya shirikisho ni kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, kifungu cha 404. Bodi ya maji nayo inataka cheti chake. Kama kuna miti ya mbao, watu wa CAL FIRE, idara ya misitu na zimamoto ya jimbo, wanataka kibali cha kubadili matumizi ya msitu.

Kila ofisi ina fomu yake, mkaguzi wake, na tafsiri yake ya neno "kijito". Mmoja anakwambia huu ni mfereji, mwingine anakwambia ni mkondo wa msimu. Mimi nina eka 12. Nililipa mshauri karibu sawa na trekta langu, na bado nilipata barua ya ukiukaji kwa sababu ya barabara ya shamba iliyochongwa kabla sijazaliwa. Mkubwa akikosea anatuma wakili. Mdogo akikosea anauza ng'ombe. Msiseme wote ni majambazi.

#12 Kidagaa Mkavu

Mkulima, pole na barua. Lakini mlolongo wa ofisi unaeleza mtu aliyechelewa, hauelezi mtu aliyeanza buldoza bila kugonga hata mlango mmoja. Zile kesi kubwa si za mtu aliyejaza fomu vibaya.

#13 Babu Katapila

Vijana, mimi ndiye huyo wa buldoza. Acheni nisimulie kidogo, jina la kampuni sitaji.

Nimeendesha mitambo miaka ishirini na kitu. Kuna mwaka nilipewa kazi ya kuchonga matuta kwenye kilima. Mwezi Agosti, vumbi mpaka kwenye nyusi. Katikati ya kilima kuna mkunjo, nyasi zimekauka, mawe machache chini. Msimamizi akasema lile ni korongo tu, weka kalvati ya inchi 18, fukia, pita. Mimi nikamwambia mawe yale yameviringwa, jiwe haliviringwi na upepo. Akacheka. Nikaweka kalvati, nikafukia, nikapita. Nilikuwa na rehani ya kulipa.

Desemba mvua ikanyesha siku tatu. Ile kalvati ilikuwa kama mrija wa soda kwenye mdomo wa kiboko. Maji yakapanda juu ya tuta, yakalikata, na nusu ya matuta yangu yakashuka nayo. Jirani wa bondeni alisimama na simu yake anapiga picha. Kesho yake magari mawili ya serikali yalikuwa getini.

Kwa hiyo kwa swali la mleta uzi: pale hakuna aliyepiga hesabu ya faini. Msimamizi hakuamini kabisa kwamba kile ni kijito. Kilikuwa kikavu, basi. Mtu haogopi maji ambayo hayaoni.

#14 Povu Ruksa

"Jiwe haliviringwi na upepo." Babu chukua maua yako.

#15 Fundi Waya

Babu, na wewe uliyeona mawe ukapita hukupewa barua?

#16 Babu Katapila

Mkandarasi aliitwa. Mimi nilihojiwa nikasema nilichoona. Ndiyo kazi yangu ya mwisho kwa yule bwana. Karibu.

#17 Kanuni Mkononi

Alichosema Babu kina historia mahakamani. Kuna kesi ya Borden Ranch. Mwekezaji alinunua shamba la malisho bonde la kati la California, lina vidimbwi vya msimu ambavyo hujaa maji wakati wa mvua kwa sababu chini kuna tabaka gumu la mfinyanzi. Alitaka mizabibu na miti ya matunda, ambayo mizizi yake inahitaji kwenda chini. Akapitisha meno ya chuma yenye urefu wa futi nne hadi saba nyuma ya buldoza, akalipasua lile tabaka. Ukilipasua, kidimbwi kinavuja kama ndoo iliyotobolewa, hakirudi tena.

Utetezi wake: nalima tu, na sheria ya maji ya shirikisho ya 1972 inasamehe kilimo cha kawaida. Mahakama ya rufaa ya kanda ya tisa ikasema 2001 kwamba hapana. Msamaha ni wa kuendeleza kilimo kilichopo. Ukiuleta mtambo ili kuigeuza ardhioevu iwe kitu kipya, msamaha unakukimbia. Hakimu wa awali alimpa achague, adhabu ya milioni 1.5 au laki tano pamoja na kurejesha ardhioevu kiasi.

#18 Mwana wa Jioni

Na mahakama kuu ya Marekani ikamkandamiza 5 kwa 4. Naikumbuka hiyo.

#19 Kanuni Mkononi

Haikuwa 5 kwa 4. Desemba 2002 ilikuwa 4 kwa 4, jaji mmoja alijitoa. Kura zikifungana hukumu ya chini inabaki, lakini mahakama kuu haiachi msimamo wowote wa nchi nzima. Tofauti ni kubwa. Ndiyo maana ubishi wa "nalima tu" haukufa. 2017 kuna kampuni ya vitalu vya miche kaskazini mwa bonde hilohilo ilimalizana na serikali kwa dola milioni 1.1 kwa kulima ngano juu ya vidimbwi vya msimu, na kuna wakulima hadi leo wanaiona ile kesi kama uonevu wa mchana kweupe.

#20 Mkulima Halisi

Na mimi ni mmoja wao. Kulima ngano jamani. NGANO.

#21 Mwana wa Jioni

Sawa nimesahihishwa. Ila hata hivyo mnapoteza muda, kesi ya Sackett ya 2023 imemaliza kila kitu. Mahakama kuu imesema ardhioevu lazima ishikane uso kwa uso na maji ya kudumu. Vijito vya mvua, vidimbwi vya msimu, vyote nje. Mwenye mizabibu sasa yuko huru.

#22 Kanuni Mkononi

Yuko huru kwa serikali ya shirikisho, nusu ya mlango. Porter-Cologne inalinda "maji ya jimbo", na hayo ni maji yote ya juu na ya chini ya ardhi ndani ya mipaka ya California. Hayahitaji kushikana na kitu. Tena bodi ya jimbo ilishapitisha utaratibu wake wa kufukia na kuchimba ardhioevu mwaka 2019, kana kwamba walisikia nyayo. Huko kwenye majimbo yasiyo na sheria ya namna hiyo, hapo Mwana wa Jioni uko sahihi na hali ni mbaya.

#23 Njeri wa Petaluma

Mimi naona nyote mnazungumzia sheria iliyoandikwa, hakuna anayesema nani anaenda kuangalia. Hapo ndipo kuna shida.

Kanda ya pwani ya kaskazini inaanzia mpaka wa Oregon inashuka mpaka Sonoma huku. Wakaguzi ni wachache. Mashamba yapo nyuma ya geti mbili, barabara ya kwenda tu saa moja na nusu. Mwenye shamba akikataa usiingie, lazima utafute hati ya ukaguzi kwa jaji. Mara nyingi kesi inaanzia kwa jirani mwenye simu, kama ile ya Babu, au mvuvi aliyeona maji yamegeuka rangi ya kahawa. Kama jirani yako ni shamba jingine la mizabibu lililofanya hivyohivyo, nani atapiga simu?

Kwa hiyo mtu anayepiga hesabu hapigi ya milioni 3.76. Anapiga ya milioni 3.76 mara uwezekano wa kukamatwa.

#24 Kidagaa Mkavu

Njeri, unazidi kunisaidia mimi au unanipinga? Sielewi tena.

#25 Njeri wa Petaluma

Hata mimi sijui. Endelea na uzi.

#26 Tumbiri wa Bondeni

Swali la mjinga. Siku hizi si kuna picha za setilaiti bure kabisa? Unafungua mwaka jana msitu, mwaka huu mistari. Kesi imekwisha.

#27 Njeri wa Petaluma

Picha inakuonyesha miti imeondoka. Haikuonyeshi tope limetoka wapi. Mto Napa una mpango rasmi wa kupunguza mashapo, na vyanzo vilivyoorodheshwa ni vingi: mizabibu imo, barabara za vumbi zimo, malisho yamo, na mto wenyewe kujichimba kingo zake. Juu ya hapo weka moto. Oktoba 2017 milima iliungua, 2020 ikaungua tena. Mlima ulioungua unamwaga tope hata bila buldoza. Wakili wa utetezi anachofanya ni kusimama na kusema, onyesheni chembe ya mteja wangu.

Ndio maana sampuli zinachukuliwa juu ya shamba na chini ya shamba, saa ileile, mvua ikiwa inakunyeshea mgongoni. Nilishawahi kuteleza nikaenda na chupa zote. Bosi aliuliza chupa kwanza.

#28 Mpita Njia

Mada nzuri. Na sisi huku kwetu je?

#29 Tumbiri wa Bondeni

Fungua uzi wako mkuu, huu una mizabibu.

#30 Mkulima Halisi

Halafu kuna mambo mnayaita uharibifu ambayo hata hayahusu tope. Aprili 2008 baridi kali ilipiga Mendocino na Sonoma. Mzabibu ukishachipua, usiku mmoja wa barafu unakumaliza mwaka. Kinga ni kuwasha vinyunyizio, maji yakiganda juu ya chipukizi yanalilinda. Tukawasha wote usiku mmoja.

#31 Njeri wa Petaluma

Malizia hadithi Mkulima. Vinyunyizio ni kama galoni 50 kwa dakika kwa eka. Eka 100 ni galoni 5,000 kila dakika, na wote mnavuta saa ileile kutoka mto uleule. Kina kikashuka ghafla, samaki wadogo wakabaki juu ya changarawe wanapiga mikia.

#32 Mkulima Halisi

Sikatai. Ila hakuna aliyekuwa anavunja sheria usiku ule! Kila mmoja alikuwa na haki yake ya maji. Bodi ilikuja kutunga kanuni ya baridi 2011, watu wakaipinga mahakamani, 2014 mahakama ya rufaa ikaipa bodi ushindi. Ninachosema ni kwamba uharibifu mwingine unatokana na watu mia waliotii sheria kwa wakati mmoja. Hapo utampiga nani faini?

#33 Fundi Waya

Hii hoja ya Mkulima imenifunga mdomo kwa dakika kadhaa. Naenda kuchemsha maji, nitarudi.

#34 Mwana wa Jioni

Mimi nina nadharia nyingine: ni ubaguzi wa zao. Mendocino hiyohiyo, mkulima wa bangi akikutwa kachepusha kijito wanakuja na helikopta, wanang'oa mpaka mapipa. Mwenye mizabibu anaandikiwa barua yenye "Ndugu mheshimiwa". Kijito ni kilekile, samaki ni yuleyule.

#35 Kanuni Mkononi

Kuna ukweli hapo, ila si wote. Bangi ilikuwa jinai moja kwa moja kwa miaka mingi, ndiyo maana helikopta. Mizabibu ni zao halali, linalipa kodi, na watu wake wanakaa kwenye bodi za kaunti. Ukitaka kuona nguvu hiyo tazama Napa Juni 2018. Ilipigwa kura ya wananchi kuweka kikomo cha ukataji wa mialoni na kupanua ukanda wa kijani kando ya vijito. Ilishindwa kwa tofauti isiyofika kura 1,000. Mwaka uliofuata madiwani wa kaunti wakapitisha kanuni yao laini zaidi: ubakize asilimia 70 ya kivuli cha miti, na ukikata eka moja ulinde au upande tatu.

#36 Povu Ruksa

Kwa hiyo ukikata moja unapanda tatu. Mwaloni unachukua miaka mingapi kukua Kanuni?

#37 Kanuni Mkononi

Kwa kivuli cha kueleweka, wewe na mimi tutakuwa tumeshatoka humu jukwaani.

#38 Fundi Waya

Nimerudi. Kuna njia nyingine hamjaitaja, kununua. Kule bonde la mto Gualala, Sonoma, kulikuwa na mradi mkubwa, karibu eka 20,000 za msitu, wawekezaji walitaka sehemu yake iwe mizabibu. Miaka na miaka ya mabishano. Mwaka 2013 shirika la uhifadhi la The Conservation Fund likainunua yote kwa dola milioni 24.5. Kesi haikuhitajika.

#39 Kidagaa Mkavu

Fundi, nani ana milioni 24.5 kwa kila kilima? Na tukifanya hivyo si tunamfundisha mwekezaji kwamba akitishia vya kutosha atanunuliwa?

#40 Fundi Waya

Hilo nalo neno.

#41 Kanuni Mkononi

Kitu kimoja kinachofanana na hicho: sehemu ya faini, mpaka nusu, inaweza kuelekezwa kwenye mradi wa mazingira badala ya kwenda hazina. Wengine wanasifu kwa sababu pesa inabaki mtoni. Wengine wanasema mkiukaji anaishia kupiga picha akiwa ameshika mche wa mti. Zote nimeziona.

#42 Tumbiri wa Bondeni

Babu Katapila bado upo? Swali langu: kile kijito chako kilirudishwa?

#43 Babu Katapila

Nipo. Kilirudishwa, miaka miwili baadaye. Mkandarasi mwingine alipewa kazi, akatafuta mtu anayeijua ile ardhi. Nani anaijua kuliko aliyeifukia? Nikaitwa mimi.

Nikaenda nikachimbua kalvati yangu mwenyewe, ilikuwa imepondeka kama kopo. Mtaalamu mmoja wa kike amesimama na ramani ananiambia sentimita kwa sentimita, babu shuka, babu acha. Tukayaweka yale mawe ya mviringo yalipokuwa. Wakapanda vipandikizi vya mierebi kingoni, wakatandika majani makavu juu ya udongo wote. Mistari minne ya mizabibu iling'olewa, ilikuwa imeshaanza kushika waya. Iliyobaki yote juu ya kilima iko pale, mwaka jana nimepita barabarani nikaiona imejaa.

#44 Kidagaa Mkavu

Kwa hiyo ulilipwa kufukia na ukalipwa kufukua.

#45 Babu Katapila

Mara ya pili kwa saa walilipa zaidi.